Krismasi Yangu na Mbwa Getini Sitalike

Tulimwogesha mbwa tarehe ishirini na tatu, uani kwetu Mpanda, kwa sabuni ya mche. Mdogo wangu, ambaye ana miaka saba, alimshika masikio, mimi nikamwaga maji, mama akasugua. Mbwa wetu ni jike la rangi ya vumbi, amezeeka kidogo, na sikio lake moja halina ncha. Alisimama kimya kama mgonjwa anayesubiri sindano. Alipokauka mdogo wangu akamfunga utepe mwekundu shingoni.

“Na yeye anakwenda Krismasi,” akasema.

Mimi sikutaka kwenda popote. Nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni siku sita tu zilizopita, mtihani wa kidato cha pili umenimaliza, na homa iliyonianzia bwenini ilikuwa haijaniacha vizuri. Nilitaka kulala kwenye godoro letu hadi mwezi wa kwanza. Lakini kila mwaka sikukuu tunakula kwa bibi, Usevya, ng'ambo ya hifadhi ya wanyama, na safari hii baba alikuwa ametangulia tangu Novemba kumsaidia kulima mpunga. Kwa hiyo nyumba ilikuwa inafungwa kabisa.

Mwaka jana tulimwacha mbwa kwa jirani. Jirani naye akasafiri. Tuliporudi tulimkuta mbwa amelala mlangoni petu, mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani, na alipotuona alitingisha mkia bila kuweza kusimama. Mama alimpikia uji kwanza. Mwaka huu akasema, “Kila mwenye mdomo katika nyumba hii anasafiri.” Akampeleka mbwa kwa bwana mifugo, akachanjwa kichaa cha mbwa, akapewa karatasi yenye mhuri. Karatasi ile mama aliikunja akaifunga kwenye ncha ya kanga pamoja na nauli.

Tulipanda lori alfajiri ya tarehe ishirini na nne. Lilikuwa limebeba kreti za soda na mifuko ya saruji, na abiria juu yake. Utingo alipoona mbwa akaweka mikono kiunoni.

“Mama, huyu naye ana nauli?”

“Wewe mwenyewe una nauli?” mama akamjibu. “Huyu anakaa miguuni kwangu. Wewe ndiyo unaning'inia.”

Watu wakacheka, utingo akacheka, na mbwa akapandishwa. Mimi ningeulizwa vile ningeshuka nirudi nyumbani. Ndivyo nilivyo. Shuleni mwalimu wa Kiswahili huniambia “sauti!” mpaka darasa zima linaanza kumsaidia kusema.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote. Tulikwama mara mbili kabla hatujafika mbali, tukashuka, tukasukuma, tukapanda na matope hadi magotini. Baada ya kukwama mara ya pili, mzee mmoja aliyekuwa amepakata jogoo akamwangalia mbwa kwa muda mrefu.

“Nyie, huyo mnampitishaje hifadhini?”

“Si tunapita tu,” mama akasema. “Hatushuki humo.”

“Mbwa hapiti, mwanangu. Pale Sitalike getini wanatazama.”

“Nina karatasi yake.”

Mzee akarudi kwa jogoo wake, lakini abiria wengine wakaanza kubishana. Tulikuwa tumepita njia ile miaka yote na kila mara tulijua kwamba kinachokatazwa ni bunduki, mitego na nyama ya pori. Mbwa hatukuwahi kumfikiria, kwa kuwa hatukuwahi kusafiri naye. Mama aliamini mhuri. Abiria hawakuuamini, ila walikuwa na haraka ya kufika kwao, wakaamua kumsaidia mama asiutumie. Mmoja akatoa gunia. Mwingine akasogeza kreti. Mbwa akaingizwa guniani, mdomo wa gunia ukaachwa wazi kidogo apumue, akawekwa katikati ya kreti za soda, na mimi nikaambiwa nikae mbele yake nitandaze sketi.

“Wewe kaa hapo,” utingo akaniambia. “Una sura ya kwaya. Hakuna atakayekuuliza.”

Pale getini askari wa hifadhi alikuja na koti la mvua, akapanda juu ya tairi akatuchungulia. Hakuwa mkali. Alionekana amechoka kama sisi.

“Heri ya sikukuu. Bunduki?”

“Hakuna, afande.”

“Mitego?”

“Hakuna.”

“Mbwa?”

“Hakuna!” Lori zima, kama tunajibu katekisimu.

Alikuwa anashuka tayari. Mguu mmoja ulikuwa umeshagusa chini. Kisha akaniona, sijui kwa nini, labda kwa sababu mimi peke yangu sikuwa nimejibu.

“Binti, unasoma?”

“Ndiyo, afande.”

“Kidato cha ngapi?”

“Cha pili.”

“Vizuri. Hapo nyuma yako kuna nini?”

Nimeshaandika mara tatu katika daftari hili majibu ambayo ningeweza kutoa. Maharage. Nguo za bibi. Sijui, si mzigo wangu. Yote yalikuwepo. Lakini mtu akiniuliza moja kwa moja, macho kwa macho, kichwa changu kinakuwa cheupe, na kinachotoka ni kile kilichopo.

“Mbwa,” nikasema. Halafu nikaongeza, “Ana utepe.”

Kelele zilizotokea hapo sitazisahau. Wengine walinicheka, wengine waliguna kabisa kwa hasira. Utingo alishika kichwa. “Yesu wangu! Huyu akiolewa mume wake atafungwa!” Mama alinifinya pajani, pakabaki alama hadi mwaka mpya.

Askari akaomba mbwa atolewe. Alipotoka guniani na ule utepe umeenda upande, hata yeye alitabasamu. Mama akafungua ncha ya kanga, akatoa karatasi. Askari akaisoma yote, taratibu.

“Mhuri mzuri, mama. Umefanya vizuri kumchanja. Lakini hii inamlinda na kichaa peke yake. Humu ndani kuna simba, kuna mbwa mwitu. Mbwa wa nyumbani ana magonjwa mengine, na wale hawana bwana mifugo. Na akiruka akapotea humo, sisi tunampiga risasi. Ndiyo amri.”

“Hata Krismasi?”

“Hata Krismasi.”

Mama akambembeleza, akamtajia bibi, akamtajia mbavu za mwaka jana. Askari alisikiliza yote na hakubadilika. Dereva akapiga honi. Mzee wa jogoo akasema kwa sauti ya pole kwamba mbung'o wakishaamka ndani kule tutaliwa wote. Ndipo mama akageuka kwangu.

“Shuka naye.”

Nilidhani ananitania.

“Wewe ndiye uliyemtaja. Shuka. Kaa naye kwa shangazi hadi turudi.”

Shangazi alikuwa mama mwenye kibanda cha chai upande wa pili wa barabara. Si shangazi wa damu. Alizaliwa kijiji kimoja na baba, na kila tukipita hapo tunakunywa chai kwake. Mama alimpigia kelele kutoka juu ya lori, naye akajibu kwa kupunga mkono wenye upawa, kana kwamba tunamwachia kikapu. Furushi langu likarushwa. Mdogo wangu alikuwa analia. Hakuwa ananililia mimi, alikuwa anaita jina la mbwa.

Geti likainuliwa, lori likapita. Mbwa aliruka akavuta kamba kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, na ngozi ya viganja vyangu ikachubuka. Alipiga yowe hadi lori halisikiki tena. Baadaye alikaa chini, uso kwenye barabara.

Shangazi ana roho nzuri. Hakuniuliza chochote, alinipa chai na akanionyesha pa kulala. Akampa mbwa ugali na mchuzi wa dagaa, mbwa akaunusa, akauacha. Nilikaa karibu naye, nikamkuna pale anapopenda, nyuma ya sikio lililokatika. Alinivumilia. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nalisema humu kwa sababu hakuna anayesoma daftari hili: yule mbwa si wangu. Nilikuwa nasema “mbwa wangu” bwenini, nilimchora hata kwenye daftari la jiografia. Lakini mimi niko shule karibu mwaka mzima. Anayemlisha ni mama. Mimi ni mgeni anayekuja likizo na kumkuna sikio.

Asubuhi ya Krismasi ngoma za kigangoni zilianza mapema. Watoto walipita barabarani na nguo mpya zinazowakwaruza shingo, wakitembea mikono mbali na mwili wasizichafue. Shangazi alitangulia kanisani kuwahi misa ya pili, akaniambia nimfuate. Nilivaa gauni langu la kijani alilonishonea mama, nikamfunga mbwa kwenye nguzo ya kibanda, nikaingia ndani kutafuta viatu. Nilipotoka niliona nguzo na kipande cha kamba kilichotafunwa.

Alikuwa ameshapita chini ya geti. Alikuwa anatembea katikati ya barabara ya hifadhi, wala hakimbii, kama mtu anayejua anakwenda wapi na kwamba ni mbali.

Askari alikuwa yule yule. Alikuwa anakula andazi. Aliliweka juu ya meza, akachukua bunduki, akasimama.

“Mwite,” akaniambia.

Nikamwita. Mbwa hakugeuza hata sikio.

“Binti, nakwambia mwite. Kuna kona pale mbele. Akiishika kona ile inabidi nimfuate, na nikimfuata unajua.”

Nikaita tena. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeomba ruhusa kwenda chooni. Misa ya kwanza ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanarudi. Wakaanza kusimama, wanaangalia, wanaulizana kuna nini. Kijana mmoja akasema, “Anamwita au anamwimbia?” Wakacheka. Mbwa alikuwa anazidi kuwa mdogo. Niliona utepe tu, na wakati mwingine sikuuona.

Mama hamwiti kwa jina. Nyumbani jioni anatoka na sufuria yenye ukoko, anaigonga kwa mwiko, anapiga kelele ambayo jirani zetu wote wanaijua. Mimi huwa naona aibu nikiwa na wenzangu.

Nilikimbia kibandani. Nilichukua sufuria kubwa ya chai ya shangazi, nikamwaga chai yote chini, nikachukua upawa, nikarudi getini. Nikagonga. Nikagonga mpaka mchubuko wa kiganja ukafunguka tena, na nikapiga kelele za mama, kama anavyopiga yeye, kwa pua: “Haya ukoko! Ukoko njoo! Njoo ule mama, njoo ule, ukoko huo!” Sijui sauti ile ilitoka wapi. Watu waliacha kucheka kidogo, halafu wakacheka zaidi. Askari hakucheka. Alikuwa anatazama kona.

Mbwa alisimama.

Alikaa vile kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Nikazidi kugonga. Kisha akageuka, akaja kwa mwendo ule ule wa uzee wake, hakuharakisha. Alipofika alipita chini ya geti, akanipita na mimi pia, akaenda kutazama nyuma yangu. Alizunguka kundi la watu lote akinusa magoti. Alikuwa anamtafuta mama. Aliporudi kwenye sufuria na kukuta majani ya chai tu, aliniangalia usoni, nami nikakaa chini matopeni na gauni langu, nikamshika kwa mikono miwili.

Askari akaweka bunduki begani. “Ngoja,” akasema. Akaleta kipande cha mnyororo wa zamani wa geti. “Kamba ataila tena.” Akarudi kwenye andazi lake.

Sikwenda misa. Mchana shangazi alipika wali na kuku, na hakunigombeza kuhusu chai, alisema tu kwamba nina mapafu, nisimdanganye mtu tena kwamba sina. Nusu ya sahani yangu nilimpa mbwa. Alikula. Alipomaliza akalala amenigeuzia mgongo, uso barabarani, mnyororo miguuni kwangu. Nilisikia redio ya jirani, na kuimba, na watoto wanagombania soda. Nilikuwa na usingizi mzito lakini sikulala, niliogopa asije akachomoka kwenye mnyororo. Ilikuwa hivyo siku nne: nikilala, nalala na mkono umeshika chuma.

Lori lilirudi tarehe ishirini na tisa, wakati wa jua kali. Mbwa alisimama kabla mimi sijasikia kitu. Mama alishuka wa kwanza, na mimi nikafungua mnyororo. Yule mbwa mzee aliruka kama mtoto, akamwangushia mama kanga, na mama akawa anasema “toka, toka huko” huku anamshika kichwa.

Kisha akaniangalia. Aliangalia viganja vyangu, akaangalia gauni lenye matope yaliyokataa kutoka.

“Amekula?”

“Amekula.”

“Na wewe?”

“Ndiyo.”

“Bibi yako amekuwekea mapaja mawili ya kuku. Mdogo wako amekula moja njiani,” akasema. “Panda, tumechoka.”

Nikapanda, nikajibana pembeni kwenye magunia ya mpunga. Utingo alianza kunitania nikasinzia kabla hajamaliza. Kila lori liliporuka kwenye shimo nilifumbua macho na kumwona mbwa amelala juu ya miguu ya mama, si yangu, mbavu zake zinapanda na kushuka, nikafumba tena.