Doa la Oili Mlangoni kwa Nachhattar

Kila asubuhi, kabla watu hawajaanza kupita kwenda gurudwara kusali, Nachhattar Singh alitoka na kikopo cha oili chafu akadondosha matone chini ya injini ya pikipiki yake. Halafu alikaa kwenye kitanda cha kamba kando ya geti, akachukua kitambaa cha manjano, akaanza kufuta tangi ambalo halikuwa na vumbi hata chembe.

Pikipiki za zamani huvuja. Hakuna mtu pale Chak Mehna, wala Punjab nzima, asiyelijua hilo. Isiyovuja si ya zamani, na Nachhattar alitaka watu waamini kwamba yake ni ile ya marehemu baba yake, Sarwan Singh, aliyeinunua alipotoka jeshini na kuiendesha mpaka uzee ulipomshusha.

Haikuwa hiyo. Ile ya mzee aliiuza matanga yakiwa bado mabichi, akampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyeipima kwenye mizani pamoja na masufuria yaliyotoboka. Ilikuwa nzito, ilimchafua suruali, na haikukubali kuwaka kwa mtu asiyeijua. Akaenda Ludhiana mjini, akanunua mpya, hizi zinazotengenezwa siku hizi kwa sura ya zamani: tangi lilelile la mviringo, taa ileile ya duara, ila kwenye mpini kuna kitufe cha kuwashia. Akaipaka rangi ya kijani ya jeshi. Akalikwaruza tangi kwa msasa ili lionekane limekula chumvi.

Kuwasha kwake ndiko kulikuwa kituko. Alisimama wima, akainua mguu juu, akaangusha kiki kwa kishindo, na papo hapo kidole gumba kikabonyeza kitufe. Pikipiki ikawaka bila kusita. Ile ya mzee haikuwahi kuwaka kwa kiki moja ya mwanawe huyu, hata siku ya sikukuu.

"Sardar, leo imekojoa?" Bikar muuza maziwa alimwuliza kila alipopita na madebe yake.

"Mashine ya zamani hiyo, ndugu yangu. Lazima ivuje."

"Ajabu yake inavuja mahali pamoja, saa ileile, na oili ndani haipungui."

"We mambo ya injini umeyajulia wapi? Nenda ukakamue!"

Bikar alicheka mpaka mwisho wa njia. Kijiji kizima kilijua. Walimwacha tu, kwa sababu kichekesho cha bure cha kila asubuhi nani akikatize?

Mwanawe Harkamal alipochumbia, Nachhattar aliweka jina lake rehani. Aliwaambia wakwe kwamba bwana harusi hatakuja juu ya farasi kama watoto wa wengine. Atakuja juu ya pikipiki ya babu yake, na dereva atakuwa yeye baba mtu, "kwa sababu mzee alinifundisha mimi peke yangu." Baba wa bibi harusi alifurahi, akawatangazia watu wa kijiji chake wajipange barabarani waione. Sasa mdomo ulikuwa umekwisha kusema, na heshima ya nyumba nzima ilikuwa imekaa juu ya kiti cha pikipiki.

Maneno yale yalimfikia Dalbir, dada mkubwa wa Nachhattar, aliyeolewa kijiji cha pili. Huyo ndiye ambaye mzee alimfundisha kuendesha, wakati Nachhattar akijificha ndani asije akaambiwa ashike spana.

Asubuhi ya harusi ngoma zilipokwisha kuanza, Dalbir aliingia uani akiendesha trekta, nyuma limefungwa tela lenye kitu kilichofunikwa turubai.

"Shangazi, umetuletea nini?" Harkamal aliuliza, mashada ya maua yakimning'inia usoni.

"Cha babu yako. Funueni."

Walipofunua, wazee wa pale waliitambua kabla haijashushwa. Tangi lilikuwa na lile bonyeo la siku mzee alipogonga nguzo ya gurudwara, na kijiji kizima kilikuwepo. Dalbir alikuwa ameikomboa kwa mnunuzi wa vyuma wiki ileile ilipouzwa, akakaa nayo kimya, akiitengeneza kidogo kidogo na mumewe.

Bikar akakohoa. "Sardar, kumbe mzee alikuwa na pikipiki mbili?"

Hapo mtu mwenye haya angeinamisha kichwa, na habari ingekwisha kwa kicheko na chai. Nachhattar alitazama huku na huku.

"Ndiyo," alisema. "Mbili. Hiyo ilikuwa ya akiba."

"Ya akiba!" Dalbir akapiga makofi. "Basi leo tuitoe akiba. Si ulifundishwa wewe peke yako? Panda, mdogo wangu. Wakwe zako wanangoja barabarani."

Akapanda. Angefanyaje? Kidole gumba kilipapasa mpini, hakikukuta kitu. Akapiga kiki, na kiki ikarudi juu ikamgonga muundi wa mguu mpaka kilemba kikamkaa upande.

"Haikujui," akasema Dalbir. "Teremka kwanza."

Akapanda yeye, akaikanyaga kiki polepole, jicho kwenye mshale mdogo wa kipimo cha umeme, akangoja mshale usimame katikati, kisha akashusha mguu mara moja. Du-du-du-du. Wanawake wakapiga vigelegele. Dada na mabinamu wa bwana harusi wakaileta sinia ya dengu zilizolowekwa, zile anazolishwa farasi kabla ya safari, wakaipaka taa ya mbele.

"Kula, farasi wetu!" waliimba. "Mwangushe baba, bwana harusi tubakizie!"

Nachhattar akapanda tena, akaondoka na mwanawe nyuma, ngoma zikiwasindikiza pembeni. Hadi kwenye kona ya bwawa mambo yalikwenda, maana barabara ilikuwa nyoofu na hakuhitaji kusimama. Hapo nyati wa maziwa wa Bikar wakatoka majini, wakajaza njia.

Pikipiki za enzi zile zina gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto. Hizi mpya ni kinyume. Aliyeendesha ile ya mzee hata mara moja hawezi kulisahau. Nachhattar alikanyaga kwa mguu wa kulia kwa nguvu zake zote, asimame. Gia ikaingia, pikipiki ikaruka mbele. Harkamal akashuka kwa kuruka. Baba yake akaenda moja kwa moja kwenye lundo la samadi mbichi, akazama mpaka kwenye kilemba cha waridi.

"Breki imekatika!" alipiga kelele kutoka mle ndani. "Imekatika!"

Dalbir, aliyekuwa akifuata na msafara, aliinyanyua pikipiki, akaisukuma hatua kadhaa, akakanyaga kwa mguu wa kushoto. Ikasimama tuli.

"Breki hii hapa," alisema. "Ipo hapa tangu hujaota ndevu."

Harkamal alimtazama baba yake. "Baba, rudi ukaoge. Shangazi, nipeleke mimi."

Wakaenda. Wakwe walishangilia pikipiki kuliko bwana harusi. Baadaye sana, wakati watu wamekwisha kula, Nachhattar alifika na ile yake ya kitufe, akaiegesha nyuma ya mapipa ya maji.

"Nani yule mwenye pikipiki mpya?" baba wa bibi harusi aliuliza.

"Baba wa bwana harusi," Bikar akamjibu. "Ile ndiyo ya akiba."

Usiku ule pikipiki ya mzee ililala kando ya geti la Nachhattar, na alfajiri Dalbir akaipakia akaondoka nayo. Iliacha doa la oili, kubwa, jeusi, la kweli. Bikar alipopita na madebe yake alimkuta Nachhattar kando ya geti na kitambaa chake cha manjano. Siku hiyo hakutoa kikopo. Alikuwa ameisogeza tu pikipiki yake, akaisimamisha sawasawa juu ya lile doa.