Paka ya ku Mulango ya Mama Syauswa

Juu ya paka moja, nilifukuza mama ya batu mu nyumba. Mie mwenyewe, Malachie, mukristu wa kila dimanche.

Nilikuwa nimetoka Luofu kuja kuchunga parcelle, kiwanja ya famille, hapa Butembo, ku Kimemi. Dada yangu Virginie alikuwa amehamia Beni kwa bwana yake. Chumba yake nikapangishia Mama Syauswa, mujane mwenye alikimbia vita ku Kamango.

Wiki ile ile, paka ikatokea.

Rangi ya majivu, mifupa mitupu. Kila asubui iko ku mulango ya mama. Ukisogea, inakutolea meno na kukimbilia nyuma ya kuni. Nikajaribu kuishika, ikanipasula mukono.

Bon, nikasema: hii hapana paka ya nyumba, ni ya pori, na iko na mutu anaituma. Majirani bakaanza kunongona uchawi. Kusema kweli, mie njo niliwasha moto. Nilikuwa na woga, hata kifuniko ya sufuria ikianguka naruka.

Samedi asubui nikamuambia mama: kesho utoke. Hakubishana, akaanza kufunga vitu.

Nikatumia Virginie audio ku téléphone, namuelezea ile paka na mama, najisifu hata. Akanijibu mbio, na hasira:

"Ile ni Bijou, paka yangu! Siku ya kuhama nilimutia mu mufuko asione njia ya kurudi. Akapasula mufuko, akaruka mu barabara."

Kisha akamuita mu ile audio: "Bijou, Bijou, kuya."

Batu bangu, paka ikatoka nyuma ya kuni, mukia juu, ikilia, inatafuta ile sauti mu téléphone yangu. Haya ikanikamata.

Nikakimbia kwa Mama Syauswa. Alikuwa anafunga godoro na kamba.

"Nilijua siku ya kwanza," akasema. "Paka ya pori haililiake mutu, inanyamaza na kujificha. Hii ilikuwa inalia ku mulango. Ilikuwaka na mutu, kisha ikapata woga."

"Mais mama, mbona haukusema?"

"Kwa nani? Mulikuwa munaniita mulozi."

Nikamuomba musamaha, nikamuomba abaki. Musamaha alinipa. Kubaki, hapana.

Dimanche, kisha misa, akaenda kwa mudogo wake Adèle. Mulango ya chumba ikabaki wazi, na sahani ya dagaa chini, niliitilia paka ibaki. Paka haikuangalia dagaa. Ikamufata mama.

Bandugu, mwenye woga na mwenye ubaya banafananaka kwa macho. Mbele ya kufukuza, kaa chini kwanza, usikilize kama analia.

Virginie anauliza Bijou iko wapi. Nilimuambia iko kwa yule mwenye aliijua.