Nilimnyoa mtoto wa marehemu dada yangu akiwa usingizini

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, ndugu zangu wengi wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Tunduma na mume wangu, fundi wa matairi ya malori, na watoto wetu wawili wa kiume. Nyumbani kwetu kinyozi ni mimi. Nina mashine na mkasi, na kila baada ya wiki mbili, tukitoka kanisani, nawakalisha uani mmoja mmoja, baba yao akiwa wa mwisho. Sikuwahi kufikiri kazi hii ingekuja kuniliza.

Mwaka jana dada yangu aliugua figo akafariki. Aliacha binti wa miaka minane, nitamwita Neema. Baba yake alivuka kwenda Zambia mtoto akiwa mchanga, hatukumsikia tena. Siku ambayo dada alikuwa anaenda kulazwa, alimkalisha Neema barazani akamsuka. Mikono ilikuwa inatetemeka, mistari ikapinda, akachukua karibu kutwa nzima. Alipomaliza alimwambia, "Zitunze mwanangu, nikirudi nitakufumua mwenyewe."

Hakurudi. Tulimzika Isansa, kwa mama yetu, nami nikamchukua mtoto.

Neema alikataa kufumuliwa. Miezi miwili! Nywele zikashikana, akawa anajikuna mpaka damu inatoka, nikaona na mapunye. Mwalimu naye akanitumia ujumbe kwamba asirudi shule mpaka anyolewe. Nikimgusa tu, analia mpaka anakosa pumzi. "Mama mdogo, mama hajanifumua."

Mchana mmoja alikuwa na homa, akapitiwa na usingizi kwenye mkeka. Mashine ingemwamsha, kwa hiyo nilichukua mkasi. Nikakata msuko mmoja baada ya mwingine, nikamgeuza taratibu, nikamaliza upande wa pili. Nikazitupa zote chooni, kama ninavyofanya na nywele zote za nyumba hii. Nimewaambia watu ni kwa sababu ya mapunye na shule. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kila nikiiona ile mistari iliyopinda nilikuwa naiona mikono ya dada yangu, na nilichoka kulia. Nilimkata mtoto ili mimi nipumue.

Alipoamka alipitisha mkono kichwani. Hakulia.

"Ziko wapi?"

"Nimezitupa, mwanangu. Ulikuwa unaumwa."

Hakuniuliza tena. Kuanzia hapo ikawa "shikamoo" asubuhi, basi. Chakula nikipakua mimi hali, mpaka apakue mume wangu. Mwishowe mama yangu alikuja akamchukua, akaenda naye Isansa.

Mwezi uliopita nilienda kumwona. Nywele zimeota, bibi yake anasema hataki mtu yeyote aziguse. Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba msamaha. Akauliza, "Mama mdogo, ulizitupa zote? Hata mmoja hukubakiza?"

Jamani, sijui nini kilinipata. Nikasema, "Nilibakiza mmoja. Nimeuweka kabatini, Tunduma."

Mtoto alinirukia shingoni! Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu siku ile. Akalia, nami nikalia, bibi yake akawa anamshukuru Mungu. Palepale akasema shule zikifungwa anarudi kwangu, anataka auone, aulaze kwenye mto wake.

Shule zinafungwa wiki hii. Anakuja Jumamosi.

Mume wangu anasema, "Kata nywele zako, suka msuko mmoja, mtoto atajuaje?" Atajua. Dada alifunga ncha zote kwa uzi wa sweta wa kijani, fundo lake mwenyewe, na Neema alikuwa analishikashika lile fundo mpaka alale. Uzi wa kijani sokoni upo. Fundo lile silijui. Na hata nikilipatia, nitakuwa namwangalia mtoto akilala amekumbatia nywele zangu akidhani zimepita mikononi mwa mama yake.

Nikimwambia ukweli, nadhani atarudi Isansa na safari hii sitampata tena. Dada yangu aliniachia mtoto mmoja tu.

Nimeshafua shuka zake. Naombeni ushauri wenu, hasa ninyi mliolelewa na mama wadogo: Jumamosi akiingia mlangoni na kuuliza kabati ni lipi, nimjibu nini?