Kochi Lililoikataa Lifti

Ijumaa zangu za mapumziko hapa Doha huwa nazimalizia kwenye magereji ya watu. Familia ikihama nchi, hufungua gereji asubuhi na kuuza vyombo kwa bei ya kutupa. Mimi hununua, husafisha, kisha huuza tena. Siku moja kule Al Thumama nilipata kochi la kijani la watu watatu, safi kama jipya. Mwenye nyumba alikuwa anasafiri jioni ileile, kwa hiyo hakubishana nami sana.

Mwenzangu ninayeishi naye, muuguzi kama mimi, alilitazama likishushwa kutoka kwenye pikapu, akatikisa kichwa.

"Dada, hili haliingii kwenye lifti."

"Litaingia tu," nikamjibu.

Tulilisimamisha, tukalilaza, tukaligeuza miguu juu. Likakataa katakata. Ngazi nazo zilikuwa nyembamba. Tukaketi juu yake palepale mlangoni, jasho likitutiririka, tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Mama mmoja Msudani anayekaa nyumba ya chini akatoka kuona kelele ni za nini. Akakipapasa kitambaa cha kochi, akaketi katikati yetu, akajipepea kwa mtandio wake.

"Bikam?" akauliza kwa Kiarabu. Bei gani?

Nikataja mara mbili ya bei niliyonunulia, nikitarajia anishushe. Akakubali! Mlangoni kwake kochi likapita bila kusumbua. Kisha akatuletea chai ya tangawizi na tende, nasi tukalikalia kochi tulilouza mpaka chai ikaisha birikani.