Matuta ya Mgeni

Mgeni aliyekuja kujitolea shambani kwetu Misungwi ana mikono mirefu, na kila akimaliza kazi anaitazama kama vitu alivyoazima. Anasema kwao ni Ureno. Analala chumba kimoja na sisi wasichana, anakunja chandarua mapema kuliko wote, na akipita karibu na ng'ombe anawaambia "samahani". Michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, anaitafuna kavu hivyo hivyo, inalia mdomoni kama kokoto, na anafurahi.

Wiki ya kwanza Mama Evelina, msimamizi wetu, alimweka kwenye kuku. Yeye akaomba kupanda viazi na sisi, akaomba tena, mpaka akapewa matuta manne. "Ukiharibu, unarudi bandani," Mama Evelina akamwambia. Basi akapanda tangu asubuhi, na saa saba tukakuta marando, yale mashina ya viazi ya kupandia, yote kayageuza, kichwa kimefukiwa, kitako kiko juu. Mashimba, kijana tunayelima naye, akashika kiuno: "Dada, hivi viazi vyako tutavichimba angani!" Tukacheka wote, hata yeye, ila masikio yake yalikuwa mekundu. Mama Evelina akasema aache, tutapanda sisi. "Hapana, mama. Yangu." Akapiga magoti, akachomoa rando moja, akaligeuza, akashindilia udongo kwa vidole viwili, akaenda la pili. Hakuinua kichwa. Alipomaliza tuta la nne, Mama Evelina alikuwa bado kasimama pale pale. Akamtupia mzigo mwingine wa marando. "Haya, na la tano hilo."

Akaudaka, akachomoa rando moja, akamwonyesha Mashimba: "Juu ni huku?"