Homuweki Niliyomfanyia Binti Yangu

Nilimfanyia binti yangu homuweki tangu gredi ya kwanza hadi ya tano, na niliifanya vizuri. Nianze na hilo kabla sijalaumu watu, maana lawama ninazo za kutosha na ulimi wangu hauna breki. Wa kwanza kulaumiwa ni mimi. Wengine watafuata, kila mtu na fungu lake.

Mimi ni fundi wa mbao hapa Elburgon. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, mwaka ambao baba alinishika mkono akanipeleka kiwandani kupanga mbao, akisema kusoma kumetosha. Kwake kulikuwa kumetosha. Mimi nilikuwa wa tatu darasani, na mpaka leo nikimwona yule aliyekuwa wa nne, ambaye sasa ana ofisi yake Nakuru mjini, huwa navuka barabara. Viwanda vya mbao vilipoanza kufungwa nilifungua karakana yangu nyuma ya nyumba. Natengeneza vitanda, meza, milango, na majeneza watu wakihitaji.

Mke wangu huuza viazi. Hutoka asubuhi kwenda kuvichukua Kuresoi na kurudi jioni akiwa na matope hadi magotini, kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuwa ananikuta mimi. Ndivyo vitabu vyake vilivyoniangukia.

Homuweki ya kwanza ninayoikumbuka ilikuwa kuchora familia. Binti yangu alituchora sote wanne, yeye, mama yake, mimi na mdogo wake aliyekuwa bado mgongoni. Miguu ilitoka moja kwa moja kichwani, na mimi nilikuwa na vidole saba mkono mmoja. Nilicheka, nikatia sahihi, nikarudi kwenye randa yangu. Kesho yake mwalimu akatuma picha za kazi zote kwenye grupu ya wazazi kwenye simu. Hapo ndipo nilipoona michoro ya watoto wa wenzangu. Watu walikuwa na kope na vifungo vya makoti, na familia moja ilisimama kando ya gari lenye nambari zake mbele. Watoto wa miaka sita! Hata kipofu angejua ni mikono ya nani iliyochora. Lakini chini ya mchoro wetu mwalimu aliandika kwamba mtoto anakaribia matarajio, yaani bado hajayafikia. Neno hilo kukaribia nililirudia siku nzima, mpaka nikajipiga nyundo kidoleni.

Iliyofuata ilikuwa kutengeneza nyumba kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani. Mnamwambia hivyo fundi? Nilichukua mabaki ya mbao za saipresi nikatengeneza nyumba yenye milango inayofunguka, madirisha ya plastiki na paa la bati lililokunjwa vizuri pembeni. Binti yangu aliibeba hadi shuleni kama anayebeba mayai. Mwalimu aliandika kwamba amezidi matarajio, na mwalimu mkuu akaiweka juu ya kabati ofisini ili wageni waione. Sokoni wazazi walinipongeza mimi, si mtoto, na mimi nikapokea.

Mke wangu alicheka. "Sasa ni wewe uko gredi wani ama ni mtoto?"

"Namsaidia tu."

"Unamsaidia aje na yeye yuko nje anaruka kamba?"

Nilikuwa nafikiria kazi itakayofuata, na ninaona aibu kusema hivyo, lakini nilikuwa naisubiri kwa hamu. Kila swali la kitabu chake nililijua. Nilikuwa nimerudi shule na hakuna baba wa kunitoa.

Kazi za kuandika zilipoanza nilimfundisha kwa njia ninayoijua. Katika ufundi, mbao haikatwi kabla ya kupigwa alama. Anayekuja kujifunza kwangu simwachii msumeno juu ya mbao tupu. Mimi napiga mstari kwa penseli, yeye anaufuata, na siku moja mkono wake unajua njia. Basi nikawa naandika majibu kwenye daftari lake kwa penseli nyepesi, naye anapitisha kalamu juu ya kila herufi. Wino ukikauka tunafuta penseli na kupuliza vumbi la raba. Hati yake ikawa nzuri ajabu. Walimu waliisifu, nami nilijua wanasifu hati yangu mimi mwenyewe, ile niliyoiacha darasa la saba.

Nilimpenda sana saa zile. Alikuwa anaegemea mkono wangu, ulimi umetoka kidogo kwa bidii, maranda yamejaa kwenye soksi zake. Mwanzoni alikuwa akiuliza, "Baba, hapa inasema nini?" Nami namjibu amalize kwanza, nitamwambia. Akimaliza, kuna mteja mlangoni, au mvua inaanza na mbao ziko nje. Sikuwahi kumwambia. Kufika gredi ya tatu alikuwa ameacha kuuliza, nami nikadhani ni kwa sababu sasa anajua.

Darasani alijua kujificha. Kusoma kulikuwa kwa pamoja, na sauti yake ndiyo iliyokuwa juu, maana ana kichwa cha kukariri kama redio. Ubaoni alinakili bila kukosea hata nukta. Kuna siku ya wazazi alisimama mbele akasoma ukurasa mzima na watu wakapiga makofi. Baadaye nilikuja kujua kwamba ukurasa ule ulikuwa umesomwa darasani wiki nzima.

Alipokuwa gredi ya tano nilipata kazi ya kuezeka nyumba Gilgil, wiki tatu. Siku ya kwanza nilipiga simu kuuliza habari za homuweki, mke wangu akasema, "Anaandika mwenyewe. Hata hajaniuliza kitu." Niliwaambia wenzangu juu ya paa kwamba binti yangu sasa anajitegemea. Niliwaambia mara nyingi kiasi kwamba mmoja aliomba nibadilishe hadithi.

Niliporudi nyumbani nilikuta ujumbe kwamba mwalimu wa darasa ananitaka. Alikuwa mwanadada mdogo, mpole, mwenye uchovu usoni. Alinikaribisha kiti na kufungua daftari la binti yangu mezani. Swali lilikuwa: taja matumizi matatu ya maji nyumbani. Jibu, kwa hati safi kabisa, lilikuwa: Babu yangu alizaliwa Molo na alikuwa mkulima wa pareto. Swali la pili lilihusu mimea. Jibu lilisema tuangalie kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara. Kurasa zote zilikuwa hivyo. Nilizitambua sentensi zile kwa sababu ni zangu. Nilikuwa nimezitunga mwaka uliotangulia. Alikuwa ametoa daftari la gredi ya nne na kulinakili ukurasa kwa ukurasa, kwa mpangilio uleule, akiamini kwamba homuweki ndiyo hiyo.

Mwalimu akamwita. Akamfungulia kitabu chenye hadithi fupi kuhusu nyuki na kumwambia asome mstari mmoja tu. Binti yangu hakutazama kitabu. Alitazama mdomo wangu. Alipoona haufunguki, akasema bila kusitasita, "Mtoto anacheza mpira uwanjani."

"Mpira imeandikwa wapi?" mwalimu akauliza kwa upole.

Akaweka kidole katikati ya ukurasa, popote tu.

Mwalimu alimtuma nje, nami nikalipuka. Mimi nikiumia huwa silii, natafuta wa kumgombeza. "Miaka tano, mwalimu. Miaka tano na hakuna mtu aliona?"

"Mzee, mimi niko na watoto sabini na kitu," alisema. "Wewe ulikuwa na mmoja."

Kisha, labda kwa kunihurumia, akaongeza kwamba walijua kitambo nani anatengeneza zile kazi. "Lakini mwalimu mkuu anataka picha za kuonyesha wageni. Na mimi nikitaka picha nzuri, nilijua itatoka kwenu."

"Sasa tutafanya aje? Arudie darasa?"

"Siku hizi hakuna kurudia. Ataenda tu na wenzake."

Alisema hivyo kunituliza, na ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilitamani kungekuwa na mlango mmoja mahali fulani ambao ungekataa kumfungukia, ili mtu alazimike kusimama naye hapo.

Nilinunua kitabu cha gredi ya kwanza. Kila siku saa kumi tulikaa kwenye benchi la karakana, mimi na mtoto wa miaka kumi na mmoja, na ba be bi bo bu. Mdogo wake, aliyekuwa ameanza shule, alipita siku moja akasoma neno kabla yake na kuendelea na njia yake akila hindi la kuchoma. Nilimfukuza asirudi tena saa ile. Haikusaidia, maana dada yake alikuwa ameshasikia.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Wangu alikuwa amekauka, na niliyemkausha ni mimi. Neno bata alilisoma baba, na neno baba pia akalisoma baba, kisha akasubiri. Hakuwa anasoma kitabu, alikuwa anasoma uso wangu. Nyusi zikipanda anabadilisha neno. Nilianza kushika gazeti mbele ya uso, lakini akajifunza kusikiliza ninavyopumua. Mtoto mwenye akili ya kufanya hivyo si mjinga. Nimemwambia hivyo mara nyingi, naye huniitikia ndiyo, baba, kwa sauti ile anayojibu kila kitu.

Siku moja nilipiga benchi kwa ngumi hadi patasi zikaanguka. Hakulia. Aliziokota moja moja, akazipanga, kisha akaniambia taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, "Baba, andika tu. Mimi nitapitisha."

Muda si muda akaanza kuumwa na tumbo kila ikikaribia saa kumi. Mke wangu alivumilia, halafu akasema basi. "Mwachilie. Utamuua na hiyo kitabu." Tukapunguza ikawa mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, na sasa kitabu kiko chini ya makopo ya vanishi.

Kila mara nasikia wazazi wakibishana kama homuweki ina faida. Mimi nimefikiria jambo hilo kuliko wao wote, na haya ndiyo niliyopata. Faida yake ni kwamba udhaifu wa mtoto unakuja wenyewe nyumbani kwako, unakaa mezani, mapema, wakati bado unatibika. Ule mchoro wa mkono wenye vidole saba ndio ripoti pekee ya kweli niliyowahi kuletewa, nami niliionea aibu. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikuchelea mtoto kulia. Nilichelea watu kwenye grupu.

Na hakuna kilichobadilika. Juzijuzi mama mmoja alikuja karakana, akasema, "Fundi, nitengenezee mtoto daraja, inahitajika Jumatatu." Nilimsimulia habari yangu yote, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza, akasikitika, akaniambia pole sana, kisha akaenda kwa fundi wa pili barabarani. Jumatatu niliona daraja lile kwenye simu. Viungo vyake vilikuwa vibaya.

Mwaka huu binti yangu yuko gredi ya sita. Mwalimu yule amehamishwa, na huyu wa sasa ni mgeni, hajui habari zetu. Wiki iliyopita kulikuwa na homuweki ya swali moja. Alinipa daftari nikamsomea: eleza jambo moja unaloweza kufanya bila kusaidiwa na mtu. Alikuwa ametoka kuwasha jiko, kupika chai na kumwogesha mdogo wake, na hakuna aliyemtuma.

Alifikiri sana. "Sina," akasema.

"Na hii chai nakunywa ni nani amepika?"

"Hiyo si homuweki, baba."

Nilimwambia aandike mwenyewe, chochote, hata kama ni kibaya. Aliandika jina lake na tarehe kwa ile hati nzuri, kisha kalamu ikasimama. Nilikaa naye. Mikono yangu niliikalia, nasema kweli, niliiweka chini ya mapaja. Muda ulipita, chai ikapoa, mstari ukabaki mtupu. Tukafunga daftari hivyo hivyo, na mimi kwa upumbavu wangu nikajisikia vizuri kidogo, kwamba kwa mara ya kwanza mtoto huyu anapeleka shuleni ukurasa wa kweli.

Kesho yake alirudi mbio. Mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, na yeye alitaka kujua ni nini. Yalikuwa maneno matatu: Mzazi, msaidie mtoto.

"Amesema aje?" akauliza, macho kwenye uso wangu.

"Amesema umejaribu," nikamwambia.

Akachukua daftari, akaweka kidole chini ya maandishi yale mekundu na kukisogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia. "U-me-ja-ri-bu," akasoma. Akanitazama aone kama amepata. Nikamwambia amepata.