Kompyuta Niliyoibadilisha kwa Masikio

Mimi sioni tangu utotoni, na kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti wananitumia mahojiano waliyorekodi, nami nayaandika neno kwa neno kwenye laptop yangu hapa nyumbani Mabibo. Kinachoniwezesha ni programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo. Sauti hiyo ikikatika, kompyuta imekufa kwangu, hata kama wenye macho wanaiona inawaka.

Ikikatika, wa kumwita alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunaishi naye. Wifi ana moyo mzuri na mdomo usio na breki. Siku moja laptop ilikwama, nikamwomba anisomee kilichoandikwa. Akaacha maelezo ya hitilafu, akanisomea ujumbe wa mteja uliokuwa wazi pembeni, kwa sauti ileile anayonadia nyanya sokoni. Mteja alikuwa analalamika kwamba kazi yangu imejaa makosa na akiona mengine ananiacha. Majirani waliokuwa wanasukana barazani wakasikia kila neno. Uso uliniwaka. Nilimwambia wifi kuanzia siku ile asiiguse wala asiitazame mashine yangu, naye akasusa, na wifi akisusa hafanyi mzaha.

Makosa yalikuwepo kweli. Windows yangu ilikuwa imezeeka, sauti inakwamakwama na kumeza maneno, na toleo jipya lilikataa kuingia kwenye mashine ile. Fundi wa jirani na hosteli za wanafunzi alinishauri ninunue laptop nyingine, au nimwachie hiyohiyo, halafu nikija kuichukua nije na mtu mwenye macho wa kunionea. Neno hilo la kunionea nimelisikia maisha yangu yote, na siku ile nililichoka.

Rafiki yangu wa Kawe, tuliyesoma naye shule ya wasioona, alikuwa ameshahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta ambao hutolewa bure. Akanipa flashi yenye mfumo huo na maelekezo kwa ujumbe wa sauti.

"Shoga, usimwite mtu. Ukisikia inalia tii, bonyeza S, halafu Enter. Itaanza kuongea yenyewe."

Mume wangu alisihi nimwachie fundi. Hofu yake ilikuwa na maana: nilikuwa na mahojiano ya mteja yuleyule ya kumaliza wiki hiyo, na nikiiua kompyuta, mteja ameondoka. Lakini nilishaamua. Kama sitaweza kuitengeneza mwenyewe, basi kila itakapoharibika nitarudi kusomewa mambo yangu barazani. Nikahamisha kazi zangu zote kwenye diski ya pembeni, nikachomeka flashi.

Jaribio la kwanza, kimya. La pili ikalia, nikachelewa kubonyeza S, kimya tena. La tatu ikaongea, nikaruka kwenye kiti kwa furaha, tukaenda vizuri hadi katikati, umeme ukakatika. Betri ya laptop ile ilishakufa siku nyingi. Mfumo wa zamani ulishafutwa, na mpya haujamaliza kuingia. Mume wangu, ambaye ni mchongaji wa vinyago na alikuwa anapiga msasa uani, akauliza kama amwite dada yake.

"Wewe kinyago kikikushinda katikati, unamwita dada yako?" nikamuuliza.

Akacheka, akarudi kwenye msasa wake. Umeme uliporudi nikaanza upya. Ile sauti ikaniuliza swali moja baada ya jingine, nikalijibu kila moja, mpaka ikasema imemaliza.

Nikaiwekea sauti ya Kiswahili, na hapo nikapata mtihani ambao sikuutegemea. Miaka yote nilisomewa Kiswahili na sauti ya Kiingereza, inayotamka kama mtalii aliyeshuka leo, na sikio langu lilishazoea hivyo. Sasa nasomewa lugha yangu inavyotamkwa, nami sielewi kitu. Nusura nilie. Nikaipunguza kasi, nikawa nasikiliza sentensi moja mara nne, nikaandika, nikarudia. Kidogokidogo sikio likakubali, nikaongeza kasi. Nilimaliza kazi siku moja kabla ya muda, nikaipitia yote tena, nikaituma. Jibu la mteja nililisikia peke yangu kwenye earphone: safari hii hajaona kosa, na anatuma mengine.

Kesho yake nilikuwa nimeshaanza hayo mapya wifi alipokuja na chai ya kutaka tupatane. Akaiweka mezani, akasimama nyuma yangu.

"Wifi," akasema, "unaandika nini na kompyuta imezima?"

Nikamwambia haijazima. Akasema kioo ni cheusi ti, hakina hata mwanga. Nikachomoa earphone ili asikie, na sauti ikaendelea kusoma aya niliyokuwa nimeifikia. Wifi akainamisha kichwa mpaka nikasikia pumzi yake karibu na vidole vyangu. Sijui kioo kile kilikufa lini, siku umeme ulipokatika au kabla, maana hakuna aliyekitazama.

Akauliza kama amwite fundi.

"Wa nini?" nikamwambia, nikavuta kiti cha pili ili akae tunywe chai.